Mama Kulwa, Njoo Unikanyage

Wenzangu, hasira bado ninazo, na wa kuzimalizia ni mimi mwenyewe. Juzi asubuhi niliinua gunia la mchele dukani kwangu, hapa Shanwe, mgongo ukakaza palepale. Nikaenda zahanati nimejipinda. Daktari, binti mdogo kabisa, akanipima miguu, akasema ni misuli tu imevutika. Nisilale kutwa, nitembeetembee, nijikande kwa maji ya moto; miguu ikifa ganzi nirudi haraka. Mtu naumwa, naambiwa nitembee! Kwani mimi mchunga ng'ombe?

"Na usikubali kukanyagwa mgongo, baba," akaongeza.

Huku kwetu mgongo ukiuma huitwa mama aliyezaa mapacha, anapanda anaukanyaga. Nikamjibu kwa majivuno, "Mimi mtu wa kisasa, daktari. Hayo waachie washamba."

Kufika tu dukani, nikampigia simu mke wangu amlete Mama Kulwa, jirani yetu mwenye mapacha. Nikatandika mkeka katikati ya magunia, nikavua shati, nikalala kifudifudi. Nikangoja mpaka nikachoka. Mara nikasikia hatua za mwanamke zikiingia. Kugeuza shingo siwezi.

"Umechelewa mno!" nikafoka. "Panda ukanyage, na usinionee huruma!"

Hatua zikasimama kando ya mkeka. Kisha ile sauti ya zahanati ikasema, "Mimi nimefuata mchele, kilo mbili. Ila mtu wa kisasa, nivue viatu au nipande navyo?"