Nilivyoharibu utafiti wa pikapu Kyela kwa kuandika "magunia manane"

Wakuu, poleni na mahangaiko. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, mengine nayaacha kama yalivyokuwa.

Nilifika Kyela nikitokea Singida. Siku mbili barabarani, nikalala Mbeya, halafu ile barabara ya kushuka kutoka Tukuyu: juu baridi na migomba inadondosha maji, chini joto linakupokea kama umefungua tanuri.

Nina miaka arobaini na kitu, elimu yangu kidato cha nne, na sijawahi kukaa mji mmoja miaka mitatu. Hata sasa naandika nikiwa mji mwingine na begi sijalifungua lote.

Kilichonipeleka ni udereva. Chuo kimoja kilikuwa kinashirikiana na kampuni ya magari ya nje kujaribu pikapu ndogo ya wakulima. Kampuni ilitoa gari, chuo kikatoa watafiti. Walitaka kujua springi za nyuma zitadumu kiasi gani kwenye matope yetu kabla gari halijaanza kuuzwa.

Mtafiti aliyebaki Kyela alikuwa binti anayesoma shahada ya pili, nimwite Tumaini. Chini ya kiti alifunga kiboksi cha kurekodi mitikisiko. Uzito kilikuwa hakipimi. Uzito niliujaza mimi kwenye daftari: leo magunia mangapi, kutoka wapi. Mwisho manane. Ukizidisha, huna kazi.

Kila siku nilitoka Mbugani, pale mjini Kyela gari lilipokuwa linalala, kwenda Ngonga kuchukua mpunga na kuuleta mashineni kukobolewa.

Sasa, aliyekaa kule analijua gunia la kule. Likijaa halishonwi. Linaongezewa juu, linafungwa kamba, linaota kichwa. Lumbesa.

Siku ya kwanza nilimwomba mzee Ambokile, mkulima aliyekuwa ananipakilia, apunguze. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Dereva, gunia langu lifike mjini na upara? Watasema umekula njiani."

"Mzee, gari ni la majaribio."

"Basi lijaribuni."

Tukapakia manane. Nikaandika manane. Nikajiambia sijadanganya, si ni manane kweli?

Jioni Tumaini akauliza, "Kaka, mzigo wa kawaida?"

"Wa kawaida."

Ikawa hivyo kila jioni. Kila mji ninaokaa huwa naukumbuka mwingine, lakini Kyela nilianza kupapenda. Mke wa mzee Ambokile alinisalimia "ugonile", umelalaje kwa Kinyakyusa, kama mtoto wake aliyelala chumba cha pili, na sikuondoka mikono mitupu, hata kama ni ndizi tatu. Sikutaka kuwa dereva anayewapunguzia magunia.

Springi ya kwanza ilikatika mwezi wa pili. Ikabadilishwa. Ikakatika nyingine. Ya tatu ilipokatika, injinia wa kampuni alikuja pamoja na mwalimu wa Tumaini kutoka chuoni.

Tulikaa uani pale Mbugani. Injinia alisema kiwandani springi hizo hizo, kwa mzigo huo huo, hazijakatika. Kwa maana hiyo data za Kyela zimepikwa, na kampuni inataka kujitoa.

Mwalimu akamgeukia Tumaini. "Umepika?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi nieleze."

Tumaini alifunga laptop taratibu, akaiwekea mikono juu.

"Na shahada yako sijui tutafanyaje," mwalimu akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikakaa. Nikasimama tena. Nikiongea, kazi imekwisha. Nikinyamaza, binti wa watu amekwisha.

"Mwalimu, magunia ni manane kweli. Lakini ni lumbesa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Tumaini hakuniangalia. "Kaka, mimi si nilikuwa nakuuliza kila jioni?"

Tulikwenda mashineni kupima. Manane yale yalikuwa na uzito wa karibu kumi na mawili ya kawaida. Injinia alisoma mizani mara tatu, kisha akasema kama huu ndio mzigo wa watu, basi gari litengenezwe kwa mzigo huu. Kampuni ikabaki. Mimi nikafukuzwa palepale, na ilikuwa haki.

Tumaini alipewa nafasi ya kuanza upya, safari hii kwa mizani. Nilimpeleka mwenyewe kwa mzee Ambokile kuomba ruhusa.

"Dereva, umetutetea au umetuuza?"

"Sijui, mzee."

Alimgeukia Tumaini, akamwambia alete hiyo mizani. Mimi hakuniaga.

Asubuhi ya kuondoka, Tumaini alinifuata stendi, akapanda mpaka kwenye kiti changu na daftari mkononi. Nilidhani ni kuagana.

"Mwalimu anataka usaini kila ukurasa kwamba si sahihi."

Nikasaini juu ya goti, ukurasa baada ya ukurasa, yeye akinifunulia. Kondakta akaniuliza, "Mzee, unaandika wosia?" Abiria wakacheka. Tumaini naye alicheka kidogo, halafu akafunua ukurasa unaofuata. Tulipomaliza, alihesabu saini, akashuka, basi likaondoka. Sijarudi tena.

Nilichojifunza: mtu akikuuliza swali rahisi kila siku, ujue kuna kitu anajenga juu ya jibu lako.

Mliowahi kufanya kazi na watafiti, mmewahi kuwaandikia wanachotaka kusoma? Na pale uani, mngesema au mngenyamaza? Andikeni, hata kunisema ruksa.