Kamati Ilipomrudisha Naibu Mkuu wa Chuo

Wabunge wa kamati moja ya bunge la nyumbani walimtoa kikaoni naibu mkuu wa chuo nilichosomea kabla hajajibu swali hata moja. Walimtaka mkuu mwenyewe, aeleze kama kozi yetu ya maabara iliwahi kuidhinishwa. Hospitali iliyoniajiri hapa Doha inasubiri jibu hilo kabla ya kunithibitisha kazini.

Nilikuwa nikitazama kikao hicho kwenye simu, chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, nikizunguka katikati ya vitanda.

“Si wangemsikiliza tu huyo?” nikasema.

“Boss, tulia,” mlinzi ninayeishi naye akacheka huku akifunga vifungo vya sare. “Mkubwa ameogopa maswali, akatuma mdogo akagombezwe. Hata wewe ungemrudisha.”

Ni kweli, ningemrudisha. Kikao kiliahirishwa, na hadi leo kamati haijatangaza tarehe nyingine.