Wanawake wa Haskett Hawamo Kwenye Orodha

Dada yake babu yangu, Verna Kucera, amekaa jela miaka mingi kuliko mhalifu yeyote wa kaunti yetu ya Haskett, na hajawahi kuiba hata sindano. Alikuwa mke wa sherifu. Zamani huku kwetu Nebraska sherifu akichaguliwa alipewa nyumba iliyoshikana ukuta na jela, na mkewe akapewa jiko. Jiko lilikuwa na mlango wa kwenda sebuleni na tundu ukutani la kupitishia sahani upande wa pili. Mume alilipwa mshahara. Mke alihesabiwa kuwa sehemu ya nyumba, kama bomba la maji. Ndiye aliyewapikia mahabusu na kuwafulia mashuka, na akikamatwa mwanamke ndiye aliyempekua na kulala na funguo za chumba chake chini ya mto.

Mpaka leo akienda dukani, wanaume wenye mvi humsalimu wakamuuliza kama bado anaoka ile mikate ya mdalasini aliyokuwa akiitoa pamoja na supu nzito ya maharage na nyama. Kisha wanakumbuka waliila wapi, wanageukia rafu ya sabuni. Yeye huwajibu kwamba bado anaoka, karibuni, safari hii mlango hauna komeo.

Mumewe alipofariki, sherifu aliyefuata alikuwa na mke aliyefanya kazi benki, naye mke huyo alisema wazi kwamba aliolewa na mwanamume, hakuolewa na jela. Verna akabaki jikoni kwa mshahara mpaka magoti yakamshinda. Siku hizi anaishi nyuma ya kanisa la Wakatoliki, ana kuku wachache na kompyuta bapa aliyonunuliwa na wanawe, na jikoni kwake hapakosi mtu wa kuja kuuliza nani yuko ndani.

Hilo lilikuwa likinishangaza, maana orodha ya mahabusu iko wazi. Ofisi ya sherifu huiweka kwenye tovuti yake kila asubuhi: jina, umri, siku ya kukamatwa, kosa, na picha ya uso. Hata mimi naweza kuifungua nikiwa darasani. Verna alinieleza kwamba orodha inamjibu anayejua kuuliza. Mtu anakuja na jina la utani na machozi, anaandika hilo jina la utani, hapati kitu, anarudi nyumbani akiamini mwenziwe amefariki. Kwa hiyo yeye huanza na maswali. Jina lililo kwenye leseni ni lipi? Alizaliwa lini? Gari lilisimamishwa wapi, na aliyelisimamisha ni polisi wa mji, wa sherifu au wa jimbo? Akishajibiwa ndipo anaposogeza miwani.

Niliwahi kumuuliza kama si aibu kumwanika mtu hivyo kabla hajahukumiwa. Akasema aibu ipo, tena kubwa, ila ipo mbaya zaidi. Zamani mtu alichukuliwa barabarani na nyumbani hawana habari, mama mtu akazunguka wiki nzima kwa majirani. Jina likibandikwa ukutani, angalau inajulikana kwamba huyo mtu yuko mahali.

Lakini ukweli ni kwamba watu wengi wa Haskett hawaisomi orodha ile kwa kumtafuta mtu. Wanaisomea kahawa. Kwenye mkahawa ulio kando ya maghala ya ushirika, wazee wakulima hukaa meza moja kila asubuhi, na Harlan Beck, mwenye macho mazuri, huwasomea kutoka kwenye simu. Wanaguna, wanacheka, wanahesabu ukoo wa fulani mpaka kwa babu. Na kwa miaka mingi meza ile ilikuwa na fahari moja: kwenye orodha yetu hamna mwanamke. Kaunti nyingine wanawake wanakamatwa kama kuku, wetu wamelelewa. Mchungaji wa Kilutheri alishawahi kulitaja jambo hilo kwenye ibada ya siku ya akina mama, watu wakaitikia.

Delmar Sorensen alikuwa wa meza ile. Analima mahindi na kufuga ng'ombe mwisho wa barabara ya changarawe, mjane, mtu wa maneno machache na kofia moja. Ana binti mmoja, Tessa. Tessa aliolewa, akaachika, akarudi kwa baba, akaanza kunywa. Wakati wa mavuno alilitumbukiza lori la nafaka mtaroni akiwa amelewa, leseni ikafungiwa, na Delmar akamwambia aondoke asirudi mpaka aache pombe. Tessa akaenda kulala kwa marafiki, leo huku kesho kule.

Jumamosi moja mwezi wa Novemba jirani alimpigia Delmar kumwambia gari la Tessa limeachwa darajani, halina mtu, na milango haikufungwa. Delmar akafungua orodha kwenye simu. Hakumwona. Hakushangaa, kwani hamna mwanamke kule. Akachukua mbwa wake akaenda kutembea kingo za mto mpaka miguu ikafa ganzi. Simu yake ililia mara kadhaa siku hiyo kutoka namba ya jimbo jingine, naye akaikata kila mara, akidhani ni wale wauza bima wanaotusumbua wote. Mwishowe akaifungia ile namba kabisa.

Kupiga simu ofisi ya sherifu hakutaka. Anayepokea simu pale ni Rhonda, shemeji yake, na lisemwalo kwa Rhonda hufika mkahawani kabla kahawa haijachemka. Alijiambia asubiri kidogo, labda Tessa atatokea. Jumapili baada ya ibada akaja kwa Verna, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Mimi nilikuwa mezani nakula kolachi, vile vimkate vya plamu, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke, sikuondoka.

Delmar alieleza kwa kifupi: gari, daraja, mto. Akasema anataka tu kujua kama mahabusu anaweza kuwa ndani na jina lake lisiwepo, kisha ataenda kwa sherifu kuomba watu wa kupiga mbizi.

Verna alimvutia kiti. "Delmar, orodha ile unaijua kama Zaburi. Hujawahi kujiuliza wanawake wako wapi?"

"Hawakamatwi. Kila mtu anajua."

"Hawakamatwi kwa sababu gani?"

"Wana adabu," akasema Delmar, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kupungua.

"Wana adabu kama niliyokuwa nayo mimi na mama yako tulipokuwa wasichana, na tusiendelee hapo, ni Jumapili. Sikiliza. Sheria inataka mwanamke alindwe na mwanamke. Mimi nilipoacha kazi hawakupata mwanamke mwingine wa kulala pale kwa ule mshahara. Chumba cha wanawake wanawekea mapambo ya Krismasi. Tangu siku hiyo kila mwanamke anayekamatwa Haskett anapelekwa Brandt, na jina lake linaandikwa Brandt. Wala si siri. Madiwani wenu walipiga kura, mlango wazi, ila hamkwenda kwa sababu mlikuwa mnasomewa na Harlan."

Delmar akajikalia polepole kwenye kile kiti. Nafikiri alikuwa akiwakumbuka wanawake wote ambao majina yao hayakusomwa kwenye meza ile.

Verna akafungua tovuti ya kaunti ya Brandt, akaandika Sorensen. Hakuna. Delmar akafunika uso. Verna akamuuliza jina gani liko kwenye leseni ya Tessa. Delmar akasema Sorensen, jina ni Sorensen, yule mwanamume alishaondoka na jina lake.

"Talaka ameipata, leseni je, alikwenda kuibadilisha?"

Jina la mkwewe lilikuwa halitamkwi nyumbani kwake. Verna akangoja, mikono juu ya meza, kama aliyezoea kungoja watu waseme jina. Mwishowe Delmar akalitoa polepole.

"Boyle. Andika Boyle."

Akatokea. Tessa Boyle, alikamatwa Ijumaa jioni, kosa: kuendesha gari leseni ikiwa imefungiwa. Kufika mbele ya hakimu: Jumatatu asubuhi. Picha ilikuwa chini. Nywele zimemkaa ovyo na macho yamevimba, lakini ni mzima. Delmar aliikazia macho muda mrefu.

"Amevaa jaketi langu," akasema. "La ushirika. Nilikuwa nalitafuta."

Verna akamuuliza kama alipigiwa na namba asiyoijua, naye Delmar akamwonyesha ile ya jimbo jingine. Simu za jela zote, Verna akasema, hupitia kampuni moja ya mbali, na Tessa labda hajui kwa kichwa namba nyingine yoyote zaidi ya ya baba yake. Delmar alisikia, akaitia simu mfukoni taratibu. Verna alimwambia tu kwamba kesho hakimu atauliza Tessa anaishi wapi, na asiye na pa kuishi hurudishwa ndani kungoja kesi, ambayo inaweza kusogea mpaka baada ya Krismasi.

"Nilimwambia asirudi," Delmar akasema.

"Najua. Haskett nzima inajua. Kesho utaamua mwenyewe. Mimi nitakuja kwa sababu najua mlango wa kuingilia."

Jumatatu walikwenda Brandt kwa pikapu ya Delmar. Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Verna, na nilimsumbua mpaka akayarudia. Chumba cha mahakama kilikuwa na watu wachache na harufu ya rangi mpya. Mahabusu waliingizwa pamoja, wanawake mbele, na Verna akawatambua wawili wengine wa Haskett. Mmoja wao ni mwanakwaya wa mchungaji wa Kilutheri. Mwingine hakunitajia.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua. Alipomfikia Tessa alimuuliza anaishi wapi. Tessa akasema kwa sasa hana mahali. Hakimu akaandika kitu, akauliza kama kuna ndugu yake ndani ya chumba. Tessa akasema hapana, bila kugeuka.

Delmar akasimama. Akasema yeye ni baba, chumba cha Tessa kipo, akaeleza barabara ya changarawe na nyumba ya mwisho kabla ya kijito. Tessa akageuka.

Hakimu akapenga kamasi, akasema anaweza kumwachia akae kwa baba, kwa sharti asinywe, na kwa kuwa kwenye jalada kuna ajali ya lori, nyumba anayokaa isiwe na pombe. Akamtazama Delmar. "Bwana Sorensen, nyumbani kwako kuna pombe?"

Hapa Verna alisema alitamani awe kule kwenye tundu lake la sahani, asionekane. Kila mtu anajua friji ya bandani kwa Delmar. Bia zake hunywewa na wote wanaomsaidia kuvuna, na yeye hunywa humo kila jioni, na hata jioni ile aliyomfukuza Tessa kwa ulevi alikuwa na kopo mkononi. Angeweza kusema haipo. Hakuna ambaye angekwenda kuangalia.

"Ipo," akasema Delmar. "Yangu."

"Na leo jioni?"

Akazungusha kofia. Mlinzi alikohoa, karani akaacha kuchapa.

"Leo jioni haitakuwepo. Ila naomba uandike sharti hilo na mimi, siyo yeye peke yake. Nikiandikwa nitalishika."

Hakimu akasema sheria haimruhusu kumwekea sharti mtu ambaye hakushtakiwa. Delmar akajibu kwamba basi atakaa bila kuandikwa, akaketi.

Wakarudi watatu kwenye kiti kimoja cha mbele, Tessa katikati, ndani ya lile jaketi. Verna aliniambia kwamba walipovuka mpaka wa kaunti ndipo Tessa alipomuuliza baba yake mbona hakupokea simu. Delmar akamwambia ukweli kwamba alidhani ni bima. Tessa akacheka, kisha akalia, kisha akauliza kama bado ana ile friji.

"Ninayo. Nisaidie kumwaga bia zake, mgongo unaniuma," akasema Delmar.

Walimshusha Verna kwake kwanza. Alilisha kuku, akavua viatu, na nilipofika kutoka shule nilimkuta kwenye simu akimwambia mama mmoja wa mjini asilie kwanza, amtajie jina lililo kwenye leseni.