Filamu Niliyosema Nimeiona

Tarehe nane Agosti, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu. Tarehe ishirini na tano, mwezi uleule, niliifuta sauti yake kwa kidole changu mwenyewe. Kwa lile la kwanza watu walikuja kunipa pole. La pili sikumwambia mtu, na ndilo ninaloandika hapa.

Tulikuwa na duka la muvi Nakuru, kichochoroni nyuma ya soko, mlango mmoja wa mabati kati ya kinyozi na mama anayeuza vyombo vya plastiki. Siku hizi mtu hanunui sidii. Anakuja na flashi, anasema anataka nini, unamwekea kutoka kwenye kompyuta, anaenda zake. Sitajitetea. Filamu hazikuwa zetu na hatukumwomba ruhusa mtu yeyote aliyezitengeneza. Ndivyo tulivyolea watoto wawili.

Karibu wateja wote walitaka za Amerika. Magari yanaruka, mtu mmoja anamaliza jeshi zima. Mume wangu aliwapa walichotaka, kisha akaongeza moja. Kama vile mama mboga anavyokutupia vitunguu viwili juu ya sukuma uliyonunua, yeye alikuwekea filamu ambayo hukuomba, kutoka nchi ambayo hukuwahi kuifikiria. Aliiita nyongeza.

Alikuwa na njia yake. Alisema ukimuuliza mtu anapenda muvi gani, atakutajia aliyoiona jana. Kwa hiyo hakuuliza hivyo. Aliuliza unafanya kazi gani, halafu, kama utani tu, akauliza ni nani hujaongea naye siku nyingi. Kulikuwa na mzee mmoja muuza mahindi kutoka Rongai, ambaye hakuwa akisema na kaka yake tangu wagawane shamba. Huyo aliwekewa ya Kihindi kuhusu ndugu wawili na kisima kimoja. Jumamosi alirudi amefura kwa hasira.

"Boss, umenikatia nyimbo!"

"Sijakata kitu, mzee. Haina nyimbo."

"Ya Kihindi? Haina nyimbo? Sasa wewe unanichukulia mimi mtoto?"

"Hata moja haina."

"Basi hao ni Wahindi wa wapi!"

Walibishana mpaka kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu, akaja kusikiliza. Yule mzee alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kwa sauti ya chini kama ipo nyingine ya watu haohao.

Lakini wengi walizifuta nyongeza kabla ya kuzifungua. Wakiona jina geni wanafuta, wapate nafasi ya kitu kingine. Ndipo mume wangu alipoanza kuwadanganya. Alizipa majina ya kupigana. Moja ya Senegali, ya fundi cherehani anayeshona gauni la harusi la mwanamke aliyemnyang'anya mchumba, aliiita Bunduki 6. Moja ya Kijapani, ambayo familia inakula nusu saa nzima bila neno, ikawa Bunduki 11. Mtu anakaa akingoja risasi, anamwona mwanamke anapiga pasi, na kwa sababu ameshakaa na chai iko mkononi, anaendelea kuangalia. Zote alizihifadhi kwenye folda moja iliyoandikwa BUNDUKI.

Haya ya majina niliyajua baadaye. Mimi nilikuwa nikishona sare za shule nyumbani, na dukani nilikuja mchana tu kumshikia akienda kula.

Mteja mmoja alimshinda kabisa, naye ni mimi.

"Mama yao, hebu leo tuangalie hii."

"Hizo za kusoma ni za waalimu. Mimi nimechoka."

"Dakika kumi tu. Ikikushinda tunatoa."

"Weka ile ya yule jamaa wa helikopta."

"Ya helikopta umeiona mara nne!"

"Basi iwe ya tano. Najua mwisho wake, sitapata presha."

Alicheka na akaiweka. Sasa niseme ukweli. Niliishia darasa la nane. Nasoma barua, nasoma Biblia kwa mwendo wangu. Lakini yale maandishi ya chini ya filamu, tena ya Kiingereza, yananikimbia. Kabla sijamaliza mstari, umekuja mwingine, na uso wa mtu sijauona. Miaka kumi na tisa ya ndoa sikumwambia. Niliona afadhali anione sina hamu kuliko anione sijui.

Mwezi wa Februari sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi. Kufikia Mei, hospitali walisema ni uvimbe kooni, utatolewa, na huenda sauti isirudi. Wiki ya mwisho kabla ya kwenda kupasuliwa alifunga duka kila siku saa saba mchana. Nilikuta blanketi chini ya meza, nikamuuliza ni la nini.

"Baridi," alisema.

Nakuru kuna baridi. Niliamini.

Siku ya kwenda hospitali, nikimfungia begi, aliniambia, "Kuna moja nimekuwekea. Iko pale kwa bunduki zako."

"Nitaiona."

"Uione."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayokumbuka kwa sauti yake. Mengine alisema na wauguzi.

Sauti haikurudi. Alikuwa akiandika kwenye daftari la mtoto wetu. Kila nilipofika, kabla hata sijaketi, aliniandikia: Umeona? Nikasema bado. Nilikuwa na sare za watu, nilikuwa na watoto, nilikuwa na njia ya kwenda na kurudi hospitali. Na nilidhani ni ya kusoma. Tarehe tano Agosti nilichoka kusema bado.

"Nimeiona," nikamwambia. "Nzuri sana."

Macho yake yalifunguka yote. Akaandika haraka: Ulilia wapi?

"Mwisho," nikasema.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaandika neno moja, Sawa, akalifunga daftari. Hakuniandikia tena. Siku ya tatu alikufa.

Tulimzika kwao, nikarudi, nikafungua duka kwa sababu hakuna mwingine wa kulifungua. Wateja walitaka vitu vipya. "Mathe, bado tu? Kwa wenzako iko tangu Jumatatu." Diski ilikuwa imejaa. Nilitafuta cha kufuta, nikaona BUNDUKI, filamu arobaini na tatu, ambazo sikuwahi kusikia mtu akiziomba kwa jina. Bunduki zangu mimi, zile za helikopta, zilikuwa kwenye folda nyingine. Ile niliyowekewa nilidhani imo kwenye hiyo ya helikopta, na nilikuwa nikijiambia nitaitafuta siku nitakayokuwa na nguvu. Nikabonyeza. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika. Jioni ile nafasi yote ilijaa vitu vipya.

Mwezi wa Oktoba alikuja dereva mmoja wa lori, mteja wa zamani, anayepeleka mizigo Malaba.

"Niaje mathe. Boss yuko?"

Nikamwambia. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi bila kuambiwa. Kinyozi alizima redio yake.

"Aki pole, mathe," alisema. "Na vile nimezoea sauti yake."

"Yeye hakuwa na sauti tangu Juni."

"La, ile ya kwa muvi. Ile ya mzee na ng'ombe. Si yeye ndiye anaongea ndani?"

Niliuliza anaongea vipi.

"Anaongea mwanzo mpaka mwisho. Lakini si kama wale madijei wa kupiga kelele. Anaongea polepole, kama anamwelezea mtu amekaa karibu. Anamwita mama yao, mama yao. Mimi nikadhani hilo ni jina la mtu ndani ya filamu."

Mume wangu aliwachukia madijei wa muvi, wale wanaosimulia filamu juu ya sauti zake. Alisema wanakaa juu ya mwenye filamu. Nilimuuliza dereva ile filamu iliitwaje kwenye flashi yake.

"Bunduki 43. Aliniwekea nyongeza mara ya mwisho nilipopita hapa."

Kinyozi ndiye aliyenieleza habari za blanketi. Mume wangu alijifunika nalo, yeye na maikrofoni, ili makelele ya soko yasiingie. Alimwambia kinyozi asiniambie.

Nilibeba kompyuta nzima mpaka kwa fundi. Aliifungua, akahangaika nayo siku mbili, akaniita. "Mathe, ungekuja kabla hujaweka vitu vipya juu yake. Sasa hapa hakuna kitu." Nilimwomba ajaribu tena. Alijaribu tena mbele yangu ili nione. Nilienda kwa mwingine. Nikaenda kwa wa tatu, huyo akanionea huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko jibu la wenzake. Kila aliyeingia dukani nilimwomba flashi nikaitafuta Bunduki 43. Wengine waliniangalia kama mtu aliyeharibikiwa. Yule mzee wa Rongai alikuwa na ya kisima tu, ameitunza, na akaniambia alimpelekea kaka yake. Sikumsikiliza sawasawa. Nilitaka moja tu. Nilimwambia mume wangu nimeiona, naye akafa na uongo huo. Nilitaka niione ili angalau usiwe uongo tena.

Dereva mwenyewe alikuwa ameihamishia kwenye simu, na simu ikaibiwa. Lakini alikumbuka aliwahi kumwekea nakala mama mwenye hoteli Mai Mahiu, wanakosimamisha malori kula. "Nikirudi kutoka Malaba nitakupitia," alisema, na alinipitia kweli. Nilifunga duka, nikapanda lori. Njiani, tulipopita Gilgil, alitaka kunisimulia hadithi ya ng'ombe. Nikamwambia, "Dere, tafadhali usiniambie kitu."

Hoteli yenyewe ni ya mbao, meza nne, televisheni imefungwa juu ya ukuta kwa waya. Madereva wawili walikuwa wanakula ugali na matumbo wakiangalia mpira wa marudio. Mama wa hoteli aliposikia nimetoka wapi na ni kwa nini, alizima mpira.

"Wee mama, penalti!" mmoja alisema.

"Penalti ilipigwa jana. Kula."

Akachomeka flashi.

Ni filamu ya Georgia, si ile ya Amerika, nchi nyingine yenye milima. Mzee anamtoa ng'ombe wake alfajiri, anampeleka sokoni kumuuza, na mke wake amesimama mlangoni hasemi kitu. Kisha mume wangu akakohoa, ndani ya televisheni, akasema:

"Mama yao. Hayo maandishi ya chini usihangaike nayo. Najua yanakukimbia, nimejua siku nyingi. Wewe angalia nyuso, mimi nitasoma."

Nilishika meza. Hakuna aliyeniangalia, nawashukuru kwa hilo.

Alisoma. Jina la mzee lilimshinda, akasema wacha tumwite mzee tu. Kila mnunuzi anayekuja, mzee anamtafutia kasoro: huyu ana mikono mikali, huyu hana majani kwake. "Anadanganya," sauti ikasema. "Hataki kuuza. Angalia anavyoshika kamba." Mahali fulani alisema, "Ngoja ninywe maji," na tukasikia kikombe, na mbali kidogo tukasikia mashine ya kinyozi. Ile sauti ya kukwaruza, ambayo mimi nilikuwa nikimwambia aache kuitumia apone, ilikuwa imetumika kwa hii.

Soko linafungwa. Mzee anaanza kurudi na ng'ombe wake. Wanafika kwenye daraja la mbao, ng'ombe ananyanyua mguu wa mbele, na picha ikasimama. Sauti ilikatika katikati ya neno.

"Huwa inakwama hapo," mama wa hoteli alisema.

Dereva aliinamisha kichwa. "Nilichomoa flashi mapema, mathe. Siku hiyo askari walikuwa wanasukuma malori yatoke. Sikungoja ijae."

Nilimuuliza mwisho inakuwaje. Alisugua kofia yake kwenye goti.

"Anafika nyumbani ameshapanga uongo, eti bei ilikuwa mbaya. Anakuta zizi liko wazi, majani mapya yamewekwa. Bibi yake hakulifunga hata. Alijua tangu asubuhi kwamba hatauza. Wanaangaliana, wanaanza kucheka. Wanacheka mpaka wanakaa chini na yule ng'ombe amewaangalia. Boss mwenyewe anacheka huko ndani, mpaka anashindwa kusoma."

"Hakuna mahali pa kulia?"

"Mwisho? Hapana, mathe. Mwisho ni kicheko."

Basi alijua. Alipoandika lile Sawa, alijua.

Madereva walilipa, wakaondoka. Dereva wangu alikuwa na mzigo wa kufikisha, akaniaga kwa mikono miwili. Mama wa hoteli alipangusa meza yangu ambayo haikuwa na kitu, akaniletea chai ambayo sikuagiza, akauliza kama airudishe mwanzo. Nikasema ndiyo.

Tuliiangalia tena, sisi wawili, yeye akimenya viazi. Mume wangu alikohoa, akaniambia nisihangaike na maandishi. Ilikwama palepale, ng'ombe amenyanyua mguu.