Mzee Aliyefunga Bomba

Saa moja asubuhi, kabla wenzake hawajafika, Mama Mita anawasha kompyuta na kusubiri mtaa uamke. Hasikii mlango wala kikohozi cha mtu. Anachoona ni namba tu: nyumba hii imefungua maji, na ile, na ile ya kwenye kona.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Aliingia kwa watu kwa hodi, akatoka na habari za wagonjwa na za harusi. "Mbwa wa mitaa ile walinijua kuliko mashemeji zangu," anasema, na kucheka peke yake.

Kisha zikaja mita zinazojisoma. Usidhani anazilaani. Malalamiko ya bili yamepungua, na alama zake za utendaji zilipanda hadi asilimia tisini na nane, kiwango ambacho hakuwahi kukifikia maishani. Ila tangu asubuhi mpaka jioni hakuna anayemwambia karibu, na hilo linamuuma.

Mwezi uliopita, nyumba ya fundi saa mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe, ilisoma sifuri. Kesho yake, sifuri tena. Kompyuta haikuona tatizo: mita nzima, hakuna kinachovuja. Mkuu wa kitengo akasema, "Labda kasafiri."

"Asafiri aende wapi? Mzee yule hata sokoni anaagiza," anasema Mama Mita. Aliaga kwamba anakwenda kula, akashika njia ya kwa mzee.

Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu mlango ukafunguka, na mzee yuko wima, shati limepigwa pasi. Mezani vikombe viwili.

"Shikamoo, mzee. Maji yamekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeyafunga mwenyewe, natumia ya pipa. Si ulisema, mita hizi zilipokuja, kwamba utakuwa unaniona kwenye kompyuta? Nikajua usiponiona utakuja."

Alitaka kumgombeza, akashindwa. Akaketi. Alirudi kazini amechelewa, na alama zikashuka.

Sasa amemwomba mkuu wake siku moja kwa wiki ya kupita mitaani. Bado hajajibiwa.

Jioni, kabla ya kuzima kompyuta, huitazama nyumba moja ya mwisho: yake. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali.

"Ya mzee niliiona mimi. Yangu ikisoma sifuri, nani ataiona?" anauliza. "Wakinipa hiyo siku, nitaanza na wanaoishi peke yao. Wanizoee. Siku nisipopita, waulize niko wapi."