Jirani wa Mashine ya Theluji

Jirani yangu hapa Saskatchewan ana viganja vipana kama sepetu na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kila Jumatano kanisani tunashikana mikono kuomba kwa zamu. Ikimfikia yeye, hunibinya kiganja tu, maana yake zamu ameniachia mimi. Theluji ikianguka, asubuhi na mapema huwasha mashine yake, akasafisha njia za mtaa mzima huku midomo ikimchezacheza. Nilidhani anaimba. Juzi mashine ikamzimikia mlangoni pangu, sauti ya jirani ikabaki peke yake hewani, ikinguruma: "...na Lorne wa nyumba ya kona apate kazi, Bwana, na huyu dada Verna umponye goti, na ulimi umpunguzie kidogo!" Nikafungua dirisha.

"Amina, jirani! Kumbe unaweza!"

Uso ukamwiva kwa haya hadi masikioni. "Dada, nilijua ananisikia Mungu tu."

"Ulimi niachie mwenyewe. Goti endelea nalo."

Jumatano hii akanibinya tena. Nami nikambinya, nikamrudishia zamu yake. Watu wakasubiri. Akakohoa, kisha akanong'ona: "Bwana, ni mimi tena, yule wa theluji."