Keria ya Mama Wanne

Krrrrrr, halafu ko! Hivyo ndivyo mabomba ya hema yalivyolia siku niliyokanyaga breki ghafla kwenye tuta la mtaa wa Pioneer. Kwanza mkwaruzo mrefu, bomba likimfuata mwenzake kuteleza nyuma ya pikapu, halafu mshindo mmoja kwenye kioo, nyuma kabisa ya kisogo changu. Mpaka leo mtu akiangusha kijiko ndani ya karai mimi huinamisha shingo.

Mama yangu alikuwa ameketi kando yangu, thermos ya chai mapajani. Hakupiga kelele. Alifumba macho tu akasema, "Bwana ni mchungaji wangu," akanyamaza hapo, kana kwamba yaliyobaki ya zaburi ningeyamalizia mimi.

Kioo kilipata ufa kutoka kona hadi kona. Ilikuwa wazi sasa: mabomba yale ni marefu kuliko pikapu, na bila keria ya kuyalaza juu, siku moja yangeingia ndani kutusalimia.

Pikapu yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya chama cha mama wanne waliokuwa wakikodisha hema na viti kwa harusi, matanga na mikutano ya maombi. Kulikuwa na mama yangu. Kulikuwa na Mwenyekiti, mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, na hema zote zilikaa kwenye stoo yake. Kulikuwa na mkongwe wao, ambaye sisi sote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Na kulikuwa na Mama wa Pioneer, aliyekuja Eldoret kutoka upande wa ziwa akiwa bibi harusi, akazeekea hapa akiuza samaki na kupika chapati ambazo watu huziotea ndoto.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuendesha gari nilijifunza kwa trekta ya mjomba, shambani Moiben, na leseni nikapata. Mama hao walikuwa wamenipa pikapu kwa majaribio. Kulikuwa na harusi kubwa inakuja huko Moiben, na Mwenyekiti alisema wazi: hema zikifika salama na mapema, ufunguo ni wangu. Zisipofika hivyo, ufunguo unaenda kwa shemeji yake, mwanaume mzima aliyewahi kuendesha malori ya mahindi na ambaye hakuacha mtu asahau jambo hilo.

Na mimi, jamani, nilikuwa nimeshaota mbali. Nilijiona kwenye barabara ya Kitale, kiwiko dirishani, watoto wakikimbia kando wakiimba kwamba dereva ni msichana. Nilikuwa nimeshachagua hata wimbo.

Basi nikaenda jua kali kumwona fundi wa kuchomelea. Mtu mnene, miwani nyeusi hata mvua ikinyesha, na neno lake moja lilikuwa "hakuna shida." Alinionyesha keria fupi ya kukaa juu ya kichwa cha gari peke yake. Hiyo ni ya kubeba magunia ya kabeji. Akanionyesha pia ndefu, inayotoka juu ya kichwa hadi mwisho wa gari. Niliipenda hiyo ndefu, lakini iwe ya chini, nyepesi, bila mapambo. Mabomba yalale, yafungwe kamba, tuende.

Niliyapeleka hayo kwa kikao, sebuleni kwa Mwenyekiti. Sasa, vikao vya mama hao vilikuwa hivi: vinafunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi, na katikati hakuna anayempinga mwenzake. Huwezi kubishana na mtu halafu umshike mkono mseme Amina.

"Msichana wetu anataka ndefu, ya chini," akasema Mwenyekiti. "Mnaonaje?"

"Ni sawa," akasema mama yangu.

"Ni sawa tu," akasema Mama wa Pioneer.

Kogo alikunywa chai kwanza. "Ndefu," akasema. "Haya. Ni sawa."

Nilitoka pale nikiruka kama ndama. Nilidhani nimechagua keria.

Siku ya pili baada ya kuacha gari kwa fundi nilipita kuangalia kazi. Keria ilikuwa imeanza kusimama, na kando yake kulikuwa na ngazi ya chuma.

"Hii ngazi nani amesema?"

"Mama yako."

"Mama yangu yupi?"

Fundi akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Sasa madam, mimi nitajua? Ni mama. Amepiga simu, ameniita kijana wangu, ameniuliza kama nimekula. Ningemkatalia aje?"

Nikampigia mama. "Mama, umeongea na fundi?"

"Mimi? Kwani niko na namba yake?"

Kesho yake kulikuwa na wavu wa chuma nyuma ya kioo, na kuta za keria zilikuwa zimepanda mpaka kifuani mwangu, nami nimesimama ndani ya gari. Kilichonishangaza zaidi ni chuma kimoja kilichokatiza katikati, kutoka upande huu hadi ule, kinene kama mkono.

"Na hiki?"

"Hicho ni cha kuzuia."

"Kuzuia nini?"

"Mama hakusema. Alisema tu kitu kirefu na kipana kisiweze kulala hapa. Lakini mama mwingine akapiga, akasema njia ya katikati iachwe wazi. Kwa hiyo nimekifunga kwa nati. Kinatoka, kinarudi. Hakuna shida."

"Fundi, nisikilize. Mwenye keria ni mimi. Usiongeze kitu kingine. Hata Rais akipiga!"

"Sawa madam."

Nilipaswa kujua. Mtu anayewaambia wote sawa, na wewe umo kwa hao wote.

Ijumaa alasiri nikaenda kuchukua gari ili tupakie, maana harusi ilikuwa Jumamosi. Nikaikuta imevaa tao. Ndiyo, tao, kama lile la kupitisha bibi harusi kanisani, limechomelewa juu ya kuta zile ndefu, na vijipete vidogo vya kufungia maua. Pikapu ilionekana kama punda aliyebeba lango la kanisa. Sikuwa na nguvu hata ya kuuliza. Fundi mwenyewe alikuwa akiitazama kwa mapenzi. "Hii madam," akasema, "watu watakuuliza umetengenezewa wapi."

Nikaendesha polepole hadi West Indies. Watu wa boda boda walinipigia honi. Mmoja akafunga breki kando yangu akauliza kama napeleka mnara wa simu.

Kwa Mwenyekiti kuna geti zuri, na juu ya geti kuna boriti ya zege aliyoijenga mwenyewe baada ya kustaafu, imepakwa rangi ya maziwa. Niliingiza pua ya gari, nikasimama. Tao lilikuwa limepita kimo cha boriti, tena si kidogo. Hata kuta zenyewe zisingepita. Stoo iko ndani, mwisho wa ua, na kila kitu cha harusi kiko huko.

Wakatoka wote wanne, vikombe mkononi.

"Rudi nyuma kidogo," akasema Mwenyekiti, "halafu uje na nguvu."

"Mama, ni zege!"

"Inamisha basi hicho kitu."

"Hakiinami. Kimechomelewa."

Shemeji yake alikuwa ameegemea ukuta, koti begani, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake. "Msichana amejenga ghorofa," akasema. "Si mngeniambia tu nilete lori?" Akanyoosha kiganja kuelekea ufunguo.

Nikazima gari nikashuka. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawa moto, na mimi si mtu wa hasira, mimi hata kuku akichinjwa naenda kwa jirani. Ufunguo nikausukuma ndani kabisa ya mfuko wa sketi.

"Ngazi ni ya nani?" nikauliza.

Mama yangu akatazama kikombe chake.

"Hapa hakuna kikao. Hakuna aliyeomba. Nawauliza tu, mama zangu. Ngazi ni ya nani?"

Mama wa Pioneer akakohoa. "Ni yangu, nyathina." Hivyo ndivyo huniita, mtoto wake. "Kila siku nakuona unapanda kwa tairi na hiyo sketi, umeshika kamba kwa meno. Siku moja utaanguka."

Hasira yangu ikapoteza njia kidogo. "Na wavu? Na hizi kuta?"

"Sasa ulitaka nifanye nini?" akasema mama yangu, na sauti yake ilikuwa juu ghafla. "Ile siku bomba limesimama hapa!" Akajigusa kisogoni. "Hapa! Ati keria ya chini. Mabomba yaruke tena yakukate kichwa?"

"Mama, si nilikuuliza kwa simu?"

"Nilikuuliza kama niko na namba yake. Sina. Nilitumia simu ya jirani."

Shemeji akacheka, Mwenyekiti akamtupia jicho la mwalimu.

"Na chuma cha katikati?"

Kogo akasonga mbele na fimbo yake. "Hicho ni changu na sioni haya. Gari ikiwa na keria ndefu, watu watakuja kuomba ibebe jeneza. Hema ya matanga ni sawa. Lakini marehemu mwenyewe akishalala juu ya hiyo gari, ni bibi harusi gani ataikubali mlangoni kwao? Tutakosa harusi, na huyu mtoto atakosa kazi."

"Kumbe ni wewe," akasema Mama wa Pioneer, taratibu. "Na mimi ndiye niliyeambia fundi aache njia wazi. Kogo, siku yangu ikifika mtanipeleka nyumbani kwetu ziwani na nini? Na wilbaro?"

Miaka yote hiyo wamekula sahani moja na jambo hilo halikuwahi kusemwa.

"Wewe hufi," akasema Kogo. "Nani atapika chapati?"

"Nikifa, nasema."

"Ukifa, hicho chuma nitakitoa mimi mwenyewe. Kwa hii mikono."

Mama wa Pioneer akaziba mdomo kwa leso, sijui kwa kucheka ama kwa kulia. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili.

Tao halikuulizwa ni la nani. Mwenyekiti alikuwa amesimama chini ya boriti yake, akilitazama. "Nilitaka tu tupendeze," akasema. "Watu wa hapa wanatuita wamama wa viti."

Nikampigia fundi. Akaja kwa boda boda, grinda yake ya kukata vyuma imefungwa nyuma kwa mpira, tukavuta waya wa umeme kutoka jikoni. Sikuitisha maoni. Nilinyoosha kidole: tao litoke, kuta zikatwe robo tatu, wavu ubaki, ngazi ibaki. Fundi akawageukia wale mama wanne, mmoja baada ya mwingine, akitafuta wa kumwambia hakuna shida.

"Usiwaangalie hao," nikasema. "Niangalie mimi."

Cheche ziliruka mpaka kwenye maua ya Mwenyekiti. Tao lilipoanguka kwenye nyasi, aliliokota akalisimamisha ukutani, akalipangusa vumbi kwa kanga yake. Niliumia kumwona, lakini sikubadili neno langu. Kogo alifungua zile nati kwa vidole vyake, akakataa kusaidiwa, akaondoka na kile chuma mkononi, pamoja na fimbo, kama mchungaji mwenye ng'ombe wengi.

Gari ikapita chini ya boriti. Tukapakia kabla jua halijazama. Asubuhi nilifika Moiben umande bado uko kwenye mahindi, mama yangu kando yangu, macho wazi njia nzima. Kwenye kila tuta alikuwa akigeuka kutazama nyuma. Mabomba hayakusonga hata kidogo. Hema zilisimama kabla wapishi hawajawasha moto, na bibi harusi alipofika, hakuna aliyeangalia tumekuja na gari gani.

Jumapili baada ya kanisa Mwenyekiti alinipita mlangoni akiwa na wageni. Shemeji yake alikuwa hapo pia, na koti lake. Mwenyekiti hakusimama. "Wiki ijayo tunaenda Turbo," akaniambia, akiendelea kutembea. "Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshapakia. Na hiyo gari ioshwe."

Alasiri nilikwenda kuiosha, peke yangu. Nilipopitisha kitambaa juu ya keria, kilinasa kikachanika. Pale grinda ilipokatia kuta, vyuma vilikuwa vimebaki na ncha kali kama miiba. Nikawaza mikono ya mama hao wakifunga kamba, vidole vya Kogo na nati zake. Nikatafuta tupa kwenye sanduku la vifaa, nikapanda ile ngazi, nikaanza kusugua ncha moja, nikaipima kwa kidole gumba, nikahamia iliyofuata.